JM Kariuki: Alikamatwa mara mbili, hakimu hakumwona

SIKU ya Jumatatu, Machi 3, 1975, mfugaji mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mifugo katika vilima vya Ngong, wilayani Kajiado, alikuta mwili wa mwanamume umetupwa kichakani. Ulikuwa na majeraha ya risasi. Mfugaji huyo alifanya lile ambalo raia mwema hutakiwa kulifanya: alitoa habari kwa polisi.

Polisi waliuchukua mwili huo hadi chumba cha maiti cha jiji la Nairobi, nao ukalazwa humo kama maiti ya mtu asiyejulikana. Aliyelala pale alikuwa mmoja wa wanasiasa mashuhuri zaidi nchini Kenya, mtu ambaye sura yake ilijulikana na wauza mboga wa Gilgil na mabalozi wa Nairobi vilevile. Alikuwa Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ambaye taifa zima lilizoea kumwita JM.

Mengi yameandikwa juu ya utajiri wake, farasi wake na ndimi za moto alizozitoa bungeni. Lakini ipo sehemu moja ya maisha yake ambayo haisemwi mara nyingi, nayo ndiyo inayoyashikanisha mengine yote. JM alichukuliwa na maafisa wa serikali mara mbili kuu, kwanza mwaka 1953 chini ya mkoloni, kisha mwaka 1975 chini ya bendera aliyoipigania. Mara zote mbili hapakuwa na hati ya mashtaka, hapakuwa na shahidi aliyeapa, wala hapakuwa na hukumu. Kwa hiyo hakuna afisa aliyewahi kusimama kizimbani aeleze kwa nini alimchukua na alimpeleka wapi.

JM alizaliwa Machi 21, 1929, Kabati-ini katika Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, wakawa maskwota katika mashamba ya walowezi, yaani watu waliolima ardhi isiyo yao kwa ruhusa ya mwenye shamba, na ambao wangeweza kufukuzwa siku yoyote ambayo ruhusa hiyo ingeondolewa. Mtoto aliyelelewa katika hali hiyo hujifunza mapema kwamba neno la mkubwa mmoja linaweza kumhamisha mtu bila kuulizwa.

Masomo yake yalikuwa ya kukatikakatika kwa ukosefu wa karo. Alilazimika kuacha shule na kufanya kazi katika shamba la mzungu. Kisha likatokea jambo ambalo waandishi wa maisha yake hulitaja kwa tabasamu: mwaka 1946 alishinda fedha katika kamari ya mbio za farasi, na fedha hizo ndizo zilizomrudisha darasani. Baadaye alivuka mpaka kwenda kusoma Uganda. Farasi hawakumtoka moyoni hadi siku yake ya mwisho, kama tutakavyoona.

Alirejea Kenya wakati nchi ikiingia katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Alifungua biashara ya hoteli Nakuru, na nyuma ya pazia akawa mtu wa Mau Mau, akikusanya fedha na kuwatafutia wapiganaji mahitaji. Oktoba 1953 wakaja kumchukua. Hakurudi nyumbani kwa muda wa miaka saba.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana kuna tofauti ambayo wengi huipita. Wakati ule palikuwa na njia mbili za kumshughulikia mtu aliyeshukiwa. Ya kwanza ilikuwa mahakama maalumu za Hali ya Hatari, zilizoanza mwaka 1953. Zilikuwa mahakama kali. Kumiliki risasi chache tu kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Kati ya Aprili 1953 na Desemba 1956 Waafrika 2,609 walishtakiwa mbele yake kwa makosa ya Mau Mau yaliyostahili adhabu ya kifo, na 1,574 wakahukumiwa kunyongwa.

Hata hivyo, hebu msomaji azitazame tarakimu hizo kwa upande wa pili. Karibu washtakiwa wanne kati ya kila kumi waliachiliwa. Majaji wale hawakuwa marafiki wa Mau Mau, wala sheria haikuandikwa kwa huruma. Ila mahakamani afisa aliyemkamata mshtakiwa hana budi kujitokeza na kutaja jina lake. Ataulizwa alikuwa amesimama wapi, saa ngapi, mwanga ulikuwaje, bastola iliokotwa na nani, na kwa nini maelezo ya leo hayalingani na yale ya juzi. Wako maafisa ambao ushahidi wao ulishika, na wako ambao ushahidi wao ulibomoka kama ukuta wa tope wakati wa masika. Kwa kila kesi mtu angeweza kuona ni ushahidi wa nani uliosimama na wa nani ulioanguka.

Njia ya pili ilikuwa kizuizini. Huko hapakuwa na ukuta wa kubomoka kwa sababu hapakuwa na ukuta wowote. Ilitosha hati yenye sahihi ya serikali. Mwarifu aliyefunikwa gunia kichwani, macho yake tu yakionekana kupitia matundu mawili, aliweza kumtambua mtu kwa kutikisa kichwa, na kutikisa huko hakukuhojiwa na wakili. Kufikia mwisho wa mwaka 1954 waliokuwa kizuizini walikuwa wamezidi 70,000. JM alikuwa mmoja wao.

Alizungushwa katika kambi 14, miongoni mwazo Manyani, kule nyikani karibu na Tsavo, na Saiyusi, kisiwa cha Ziwa Victoria. Alipigwa. Alinyimwa chakula. Alichokifanya yeye, kwa kuwa alikuwa na elimu kuliko wenzake wengi, ni kuandika barua. Aliandika kwa siri malalamiko juu ya maovu waliyotendewa wafungwa, na barua hizo zikapenyezwa nje ya seng'enge hadi kwa wakubwa wa serikali na wabunge wa Uingereza. Kwa ajili ya barua hizo aliadhibiwa vikali, naye akaendelea kuandika. Pale ambapo hapakuwa na hakimu wa kuzipokea shutuma, kijana huyu alijitengenezea faili lake mwenyewe.

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola kwenye Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi wakafa kwa kukataa kufanya kazi. Serikali ilijaribu kwanza kudai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa kisheria wa vifo hivyo ulithibitisha kwamba walikufa kwa kipigo, lakini ukahitimisha kwamba haikuwezekana kubainisha ni pigo la askari yupi lililomuua nani. Kwa sababu hiyo hakushtakiwa hata mmoja. Vifo vilikuwa 11, wapigaji walikuwepo kwa makumi, mashahidi kwa makumi vilevile, lakini jina la mtu mmoja mmoja halikupatikana. Msomaji aiweke akilini tarehe hiyo. Miaka 16 baadaye, siku ileile ya Machi 3, ndipo mfugaji wa Ngong alipoikuta maiti kichakani.

JM aliachiliwa mwaka 1960. Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini, kiitwacho Mau Mau Detainee, ambacho hadi leo ni miongoni mwa ushahidi mkubwa wa mtu aliyeiona kambi kwa macho yake. Kinachomshangaza msomaji ni upole wake. Hakiombi kisasi. Kinataja yaliyotendwa, kisha kinatazama mbele.

Na mbele kulionekana kweupe. Alikuwa karibu na Mzee Jomo Kenyatta, akamtumikia kama katibu wake wa binafsi. Alichaguliwa mbunge mwaka 1963. Aliongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa katika miaka yake ya mwanzo, kisha akawa waziri msaidizi, kwanza katika kilimo na baadaye katika utalii na wanyamapori. Alitajirika pia, na hakujificha katika hilo: alikuwa na mashamba, magari na farasi wa mashindano. Wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha kwamba mtetezi wa maskini hulala pazuri kuliko maskini. Jibu lake lilikuwa kutoa. Katika harambee za shule na zahanati, kutoka Mlima Kenya hadi pwani, mchango wa JM ulingojewa kwa hamu.

Lakini kadiri miaka ya sabini ilivyosonga ndivyo alivyozidi kuisema serikali aliyokuwa ndani yake. Alilalamika kwamba ardhi iliyomwagiwa damu ilikuwa ikiishia mikononi mwa wachache, na akaonya kwamba Kenya ilikuwa ikijengwa kuwa nchi ya matajiri wanaohesabika na mamilioni ya ombaomba. Mikutano yake ikaanza kunyimwa vibali. Katika uchaguzi wa Oktoba 1974 alizuiwa kufanya kampeni kama wagombea wengine, na bado wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini wakamrudisha bungeni. Safari hii hakupewa wadhifa serikalini. Alirudi bungeni akiwa mbunge wa nyuma asiye na cha kupoteza, na huyo ndiye mbunge ambaye serikali yoyote humwogopa.

Mapema mwaka 1975 Nairobi ilitikiswa na milipuko ya mabomu. Uliokuwa mbaya zaidi ulitokea Jumamosi, Machi 1, katika basi la kampuni ya OTC, ambapo watu 27 walipoteza maisha. Jiji likajawa na hofu, na polisi wakawa kila mahali.

Kesho yake, Jumapili, JM alikwenda kuangalia mbio za farasi katika uwanja wa Ngong Road. Jioni alikuwa katika hoteli ya Hilton, katikati ya jiji. Kulingana na mashahidi waliohojiwa baadaye na kamati ya bunge, alitoka hotelini hapo akiwa pamoja na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Hiyo ndiyo mara ya mwisho alipoonekana hadharani akiwa hai.

Hakuna aliyeona pingu. Hakuna kituo kilichoandika jina lake katika kitabu cha matukio. Wanaojua sheria wanaweza kubishana kama kule kulikuwa kukamatwa au mwaliko wa mazungumzo kati ya watu wanaofahamiana. Lakini afisa wa cheo hicho, jioni ya siku moja baada ya bomu kuua watu 27, anapotoka na mbunge asiyeelewana na serikali, si jambo la watu wawili kwenda kunywa chai.

Siku zikapita. Familia ilimtafuta, nayo ikawa inapewa majibu ya kuzungushwa. Gazeti la Daily Nation likachapisha kwamba JM yuko Zambia, habari iliyodhihirika kuwa ya uongo. Wakati huo wote maiti ilikuwa imelala katika chumba cha maiti cha jiji, mwendo mfupi tu kutoka bungeni. Machi 11 wake zake waliitambua. Habari ziliposambaa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana, na bunge likachafuka kwa namna ambayo halikuwahi kuchafuka tangu uhuru. JM alizikwa Gilgil.

Kenya ilikuwa imekwisha kuonja mauaji ya kisiasa kabla ya hapo. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Februari 24, 1965, na Tom Mboya Julai 5, 1969. Katika visa vyote viwili polisi walimkamata mtu kwa haraka na kesi ikafika mwisho wake. Kisilu Mutua alipatikana na hatia ya kumuua Pinto, na akakaa gerezani hadi mwaka 2001 akishikilia kwamba hakutenda kosa hilo. Nahashon Njenga alihukumiwa kwa mauaji ya Mboya na kunyongwa mwaka huohuo wa 1969. Wananchi wengi hawakuridhika kwamba aliyefyatua risasi ndiye aliyepanga, ila angalau palikuwepo mshtakiwa, ushahidi na hukumu ambayo mwanahistoria anaweza kuisoma na kuitilia shaka. Katika kifo cha JM hapakuwa na mshtakiwa. Aliyetajwa kuwa mtu wa mwisho kuonekana naye alikuwa afisa mwandamizi, na waliotakiwa kuchunguza walikuwa wenzake.

Bunge halikungoja. Katikati ya Machi liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Kamati iliwahoji mashahidi, ikalalamika kwamba polisi walikuwa wakiificha kweli badala ya kuitafuta, na Juni 3, 1975 ikawasilisha ripoti yake. Ripoti hiyo haikuzungumza juu ya polisi kwa jumla, jambo ambalo ni rahisi na halimuumizi mtu. Ilitaja watu kwa majina, akiwemo Gethi, pamoja na mkurugenzi wa upelelezi wa jinai Ignatius Nderi, ikapendekeza uchunguzi wa kina.

Sasa imekwisha kujulikana kwamba kabla ya ripoti kufika bungeni majina mawili yaliondolewa baada ya kupelekwa kwa Rais: la Mbiyu Koinange, waziri wa nchi na shemeji wa Rais, na la Arthur Wanyoike Thungu, mlinzi katika Ikulu. Kuondolewa kwa jina si ushahidi wa hatia, wala kutajwa si hukumu. Lakini kitendo chenyewe cha kufuta kilifundisha jambo. Mwaka 1959 kule Hola ilisemekana kwamba majina hayakuweza kupatikana. Mwaka 1975 yalipatikana, yakafutwa.

Serikali ilitaka bunge liitazame tu ripoti bila kuikubali. Kura zilipopigwa, upande wa serikali ulishindwa kwa kura tatu, 62 dhidi ya 59. Na hapa ndipo Kajiado inaporudi katika hadithi hii, safari hii si kwa kichaka chake bali kwa mbunge wake. Miongoni mwa waliokuwa serikalini na wakathubutu kuiunga mkono ripoti alikuwemo John Keen, mbunge wa Kajiado Kaskazini na waziri msaidizi. Mwili ulipatikana wilayani kwake, na hakutaka kuikana kamati. Alifutwa kazi mara moja, pamoja na waziri Masinde Muliro na waziri msaidizi Peter Kibisu. Mbunge wa upande wa pili wa wilaya, ule wa Loitokitok na Illasit chini ya Kilimanjaro, alikuwa Stanley Oloitiptip, mtu wa serikali, naye aliendelea kubaki serikalini. Wilaya moja ilikuwa na wabunge wawili ambao msimu ule uliwapeleka njia mbili tofauti, na wazee wa Kajiado waliendelea kuwalinganisha kwa miaka mingi.

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayedhani kwamba vyombo vya sheria vya Kenya ya wakati ule vilikuwa vimelala. Havikuwa vimelala hata kidogo. Mark Mwithaga wa Nakuru, aliyekuwa katika kamati ile, alishtakiwa kwa kosa la zamani lisilohusu siasa, akafungwa miaka miwili. Kibisu naye alishtakiwa, akafungwa. Mwaka 1976 Chelagat Mutai, mbunge mwanamke kijana wa Eldoret Kaskazini na mmoja wa waliopaza sauti, alifungwa kwa madai ya kuchochea wananchi kuhusu shamba. Mashtaka yaliandikwa, mashahidi wakapatikana, na hukumu zikasomwa bila kuchelewa.

Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney hawakupewa hata hilo. Oktoba 15, 1975 walikamatwa katika viwanja vya bunge. Shikuku alikuwa amedai kwamba kuna watu waliotaka kuliua bunge kama walivyoiua KANU. Seroney, aliyekuwa kwenye kiti kama naibu spika, akasema hapana haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Walikaa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Sheria iliyotumika ilikuwa ya uhuru, lakini mwendo wake JM angeutambua upesi: sahihi moja, geti moja, na afisa asiyeulizwa neno.

Na Gethi je? Hakufikishwa mahakamani kwa jambo lolote kuhusu kifo cha JM, wala hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na haki inatulazimu tuliseme hilo waziwazi. Alipanda cheo. Mwaka 1978 aliteuliwa kamishna wa polisi. Aliishika kazi hiyo hadi Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga, alipoondolewa na yeye mwenyewe kuwekwa kizuizini kwa muda, bila kesi. Kwa hiyo hata mtu huyu aliyetajwa na kamati alinyimwa nafasi ya kusimama mbele ya jaji. Kama alikuwa na jambo la kumwosha, hakulisema mahali ambapo lingepimwa. Kama alikuwa na jambo la kumfunga, vilevile. Mwandishi wa makala haya huona kwamba hasara hiyo ni ya pande zote mbili, ingawa hailingani: mmoja alipoteza jina lake, mwingine uhai wake.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililirudia suala la mauaji ya kisiasa, la JM likiwemo, katika ripoti yake ya Mei 2013. Hakuna kesi iliyozaliwa na ripoti hiyo.

Ni vyema kuuliza kama kuna kilichobadilika, na jibu moja linapatikana si mbali na kichaka kile, upande wa Kitengela. Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko, mwendo mfupi kutoka Kitengela, akiwa na mteja wake na dereva wa teksi. Mteja huyo alikuwa amemshtaki kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, afisa mmoja aliyempiga risasi mwaka uliotangulia. Watu hao watatu walitekwa, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, kisha wakauawa. Miili yao ilipatikana mtoni, eneo la Ol Donyo Sabuk.

Mwanzo wake ulifanana sana na ule wa 1975: mtu ametoka mahali pa watu wengi, kituo hakijaandika jina lake, na mwili umetupwa mbali. Tofauti ilitokana na vitu vidogo. Mmoja wa mateka aliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye kipande cha karatasi ya msalani na kukitupa nje ya seli. Kikaokotwa. Simu ziliacha alama za mahali zilikopita. Julai 22, 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mwarifu wao. Februari 3, 2023 Fredrick Leliman, afisa yule aliyekuwa amelalamikiwa, alihukumiwa kifo. Wenzake wawili walipewa miaka 30 na 24, na mwarifu 20. Ilichukua karibu miaka saba, lakini jina la kila mmoja liliwekwa mbele ya alichokitenda.

Katiba ya 2010 nayo inataka mtu aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kazi inayofuata muda huo ukiangukia nje ya saa za mahakama. Mtu akikamatwa leo Illasit, penye mpaka wa Tanzania, kwa magendo ya sukari au kwa ugomvi wa ng'ombe, saa hizo zinahesabiwa tangu afisa alipomshika bega, na afisa huyo hutarajiwa kuja kusimama kizimbani alitetee neno lake. Mara nyingi hafiki. Kesi huahirishwa, huahirishwa tena, kisha mwendesha mashtaka huomba iondolewe kwa kukosa shahidi, na mshtakiwa hurudi nyumbani asijue kama alishinda au alisamehewa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye viti vya mbao vya mahakama za mashinani ameyaona hayo.

JM angekuwa hai, Machi 2025 angetimiza miaka 96. Mwezi huohuo ilitimia miaka 50 tangu atoke katika mlango wa Hilton. Kitabu chake bado kinasomwa, na ripoti ya Mwangale bado imo katika kumbukumbu za bunge, pamoja na majina yaliyoachwa ndani yake. Katika rejista za mahakama za Kenya, kifo cha Josiah Mwangi Kariuki hakina nambari ya kesi.